Kugeuza kabati kuukuu la gemu liwe mchezo mwingine: bodi asilia, kadi ya nyongeza, bodi ya michezo mingi au kompyuta?

Mwaka 1981 tawi la Nintendo la Marekani lilibaki na makabati yapatayo 2,000 ya Radar Scope ambayo hayakupata wanunuzi. Badala ya kuyatupa, yaligeuzwa: bodi zikafanyiwa marekebisho, picha na maandishi vikabadilishwa, na makabati yakarudi sokoni kwa jina la Donkey Kong. Ndiyo maana Donkey Kong za mwanzo kabisa ni nyekundu. Rangi hiyo ni ya Radar Scope. Kazi ile iliwezekana kwa kuwa skrini ilikuwa tayari imesimama wima kama mchezo mpya ulivyotaka, na bodi mpya ilitokana na bodi ya zamani.

Anayetaka kugeuza kabati leo kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue bodi gani. Bodi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kubadilisha. Skrini na vishikio vya kuchezea ndivyo vinavyoamua ni mchezo gani utakaa vizuri ndani ya kabati hilo, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kabati lako linakubali mchezo gani?

| Mchezo | Skrini | Vishikio |
|---|---|---|
| Pac-Man (1980) | wima | joistiki ya pande 4, hakuna kitufe cha kuchezea |
| Galaga (1981) | wima | joistiki ya pande 2, kitufe 1 |
| Donkey Kong (1981) | wima | joistiki ya pande 4, kitufe 1 |
| Frogger (1981) | wima | joistiki ya pande 4 |
| Centipede | wima | mpira wa kuzungusha, kitufe 1 |
| Defender (1981) | mlalo | joistiki ya juu na chini, vitufe 5 |
| Joust (1982) | mlalo | joistiki ya pande 2 na kitufe 1 kwa kila mchezaji |
| Robotron: 2084 (1982) | mlalo | joistiki mbili za pande 8 |
| Asteroids (1979) | mlalo, ya vekta | vitufe 5 |
| Street Fighter II (1991) | mlalo | joistiki ya pande 8 na vitufe 6 kwa kila mchezaji |

Kabati la Pac-Man linaweza kuwa Donkey Kong au Galaga bila skrini kuguswa. Kulifanya Joust kunadai skrini ilazwe, na hapo ndipo wengi hukwama: baadhi ya makabati yana fremu inayozungushika kwa kufungua boliti, mengine ni membamba mno na skrini ya inchi 19 haiingii ikiwa imelala. Pima upana wa ndani kabla ya kununua chochote. Skrini ya chogo ikishazungushwa huwa inatoa mabaka ya rangi pembeni, kwa sababu sasa inapokea usumaku wa dunia kwa upande mwingine. Skrini haijafa. Pitisha koili ya kuondoa usumaku mbele ya kioo kwa miduara, rudi nyuma nayo taratibu hadi uwe mbali, ndipo uizime. Ukiizima ikiwa karibu na kioo utaacha baka baya kuliko la mwanzo.

Kabati la Asteroids, Lunar Lander au Tempest lina skrini ya vekta, inayochora mistari moja kwa moja badala ya kujaza picha mstari kwa mstari. Haiwezi kuonyesha Pac-Man hata ukiibembeleza vipi. Ushauri wetu ni kutoligeuza kabisa. Skrini hizo zimebaki chache na vipuri vyake ni vigumu kupata.

Joistiki nayo isidharauliwe. Pac-Man na Donkey Kong zikichezwa kwa joistiki ya pande 8, mkono ukiteleza kidogo swichi mbili hubonyea pamoja, na mchezo haujui ugeuke wapi. Pac-Man anapitiliza kona. Mario anashindwa kushika ngazi. Joistiki nyingi za kisasa zina kibati cha kuzuia chini yake kinachogeuzwa kutoka pande 8 kwenda 4. Kazi ya dakika chache, na inaboresha mchezo kuliko bodi yoyote ya bei kubwa.

Njia ya kwanza: bodi asilia ya mchezo unaoutaka

Hii ndiyo njia yenye ladha halisi. Hakuna ucheleweshaji, sauti ni yenyewe, na mchezo huwaka ndani ya sekunde chache. Ugumu wake unategemea mwaka wa bodi.

Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana juu ya konekta moja, JAMMA: pini 56, yaani 28 kila upande wa bodi, zikiwa na nafasi ya milimita 3.96. Bodi ya JAMMA ikitolewa na nyingine kuchomekwa, kazi imekwisha. Street Fighter II inahitaji nyaya za ziada kwa vitufe vitatu vya mateke, kwa kuwa JAMMA ina nafasi ya vitufe vitatu tu kwa kila mchezaji.

Bodi za kabla ya hapo kila moja ina mpangilio wake wa pini, na zinahitaji adapta. Adapta peke yake haitoshi kila mara:

Bodi ya Pac-Man ya Midway haipokei volti 5 za DC. Inapokea AC kutoka kwenye transfoma na kuigeuza kuwa DC hapohapo kwenye bodi. Ukiipa volti 5 za DC kupitia pini zilezile, diodi na kidhibiti volti vitameza sehemu yake na chipu zitabaki na njaa. Adapta nzuri ya bodi hii hupeleka volti 5 baada ya sehemu hiyo, si kabla. Angalia pia pini za ukingoni: umeme mwingi ukipita kwenye konekta iliyolegea huunguza shaba, na bodi nyingi za aina hii zina weusi hapo.

Bodi ya Donkey Kong inatoa rangi zilizopinduliwa, nyeusi ikiwa nyeupe, kwa sababu skrini za Sanyo za Nintendo zilitarajia hivyo. Kwenye skrini ya kawaida utahitaji kibao kidogo cha saketi cha kugeuza rangi katikati. Utahitaji pia amplifaya: ya asili ilikuwa kwenye skrini ya Sanyo, kwa hiyo bodi inatoa sauti hafifu isiyoweza kusukuma spika.

Bodi za Williams za Defender, Joust na Robotron zilibeba betri tatu za AA kwa ajili ya kumbukumbu ya alama. Zikivuja, majimaji yake hula njia za shaba. Chipu za kumbukumbu za 4116 zilizomo kwenye bodi za kizazi hicho hutaka volti tatu tofauti, +12, +5 na −5. Ikikosekana ile −5 huku nyingine zipo, chipu huungua. Kwa hiyo pawa saplai ya kompyuta ya kisasa, ambayo haina −5, usiiunge hapo.

Bodi za baadaye nazo zina mitego. CPS2 za Capcom, zilizoanza 1993, huhifadhi ufunguo wa mchezo kwa nguvu ya betri. Betri ikifa mchezo hauwaki tena hadi bodi itengenezwe upya. Uliza betri imebadilishwa lini kabla ya kulipa.

Njia ya pili: kadi ya nyongeza juu ya bodi iliyopo

Ms. Pac-Man yenyewe ilizaliwa kwa njia hii. General Computer Corporation ilitengeneza kadi iliyochomekwa mahali pa kichakataji Z80 kwenye bodi ya Pac-Man, na mwaka 1982 Midway ikaiuza kama mchezo kamili. Kama ndani ya kabati lako kuna bodi nzima ya Pac-Man, hakuna njia safi zaidi ya hii: skrini, transfoma, nyaya na vishikio vyote vinabaki kama vilivyo.

Hatua zake ni chache. Zima umeme, toa bodi, ng'oa Z80 yenye miguu 40 kwa kuinyanyua ncha hii kisha ile, kidogokidogo. Iweke kwenye soketi ya kadi, alama ya pini ya kwanza ikielekea palipochorwa. Chomeka kadi kwenye soketi ya Z80 iliyo wazi. Kwa Ms. Pac-Man, chipu mbili za picha zilizo kwenye nafasi 5E na 5F nazo hubadilishwa. Ukiziacha za zamani mchezo utacheza lakini michoro itakuwa ya Pac-Man na mingine ya ovyo. Kadi za kisasa zenye michezo mingi ya jamii hii hubeba michoro ndani yake na kuhifadhi alama za juu, jambo ambalo bodi asilia haikuwahi kufanya.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni soketi. Ina miongo minne, meno yake yamelegea, na miguu ya kadi ni minene kidogo au myembamba kuliko ya chipu. Dalili ni skrini iliyojaa herufi ovyo, au mchezo unaojiwasha upya ukigonga kabati. Badilisha soketi kabla ya kulaumu kadi. Kadi haitibu bodi mgonjwa: kama Pac-Man haikuwa ikicheza bila dosari kwanza, Ms. Pac-Man haitacheza.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja tu, nao ni mkubwa. Inakupeleka kwenye michezo inayotumia vifaa vya aina ileile. Huwezi kutoka Pac-Man hadi Defender kwa kadi.

Njia ya tatu: bodi ya michezo mingi ya JAMMA

Inayojulikana zaidi ni ile ya michezo 60, yote ya skrini ya wima: Pac-Man, Galaga, Donkey Kong, Frogger na wenzao. Inatumia volti 5 na 12 tu, ina amplifaya yake, na swichi ndogo juu ya bodi huchagua kati ya skrini ya chogo na ya kompyuta. Kabati lenye nyaya za JAMMA linageuka kwa muda wa kuchemsha chai.

Kwa kabati la nyumbani ambalo watoto na wageni watalichezea, inatosha. Kwa mtu anayeijua Galaga vizuri, haitoshi. Ndani yake ni emuleta, yaani programu inayoiga bodi asilia, kwenye kichakataji dhaifu: baadhi ya sauti si sahihi, na mwitikio wa vitufe umechelewa kidogo. Joistiki moja inatumika kwa Pac-Man na kwa Galaga, kwa hiyo kila chaguo unalofanya kuhusu pande 4 au 8 litaudhi baadhi ya michezo. Weka pande 4. Michezo mingi ya wima ya miaka hiyo inaitaka, na Galaga hutumia kushoto na kulia tu.

Bodi hizi huuzwa bila kibali cha wenye michezo. Kwa kabati la kuingiza pesa, hilo peke yake ni sababu ya kuziacha.

Njia ya nne: kompyuta au bodi ya FPGA

Raspberry Pi au kompyuta ndogo yenye MAME, emuleta iliyoanza 1997, inafungua maelfu ya michezo. MiSTer, inayotumia bodi ya DE10-Nano, haiigi mchezo kwa programu bali huupanga upya mfumo wa umeme wa bodi asilia ndani ya FPGA, chipu ambayo saketi zake zinaweza kupangwa upya. Kwa mwitikio, MiSTer ndiyo inayoikaribia zaidi bodi asilia, na kama una subira ya kuipanga tungeichagua mbele ya Pi bila kusita.

Hatari kubwa ya njia hii ni skrini. Skrini ya chogo ya kabati la miaka ya 80 inasoma mistari kwa kasi ya kilohezi 15.7. Kompyuta, kwa mazoea yake, hutoa 31 au zaidi. Ukiilazimisha skrini kufuata kasi hiyo, utasikia mlio mwembamba, picha itajikunja, na transista ya mlalo inaweza kuungua. Tumia kiunganishi kinachozuia kasi isiyofaa, kama J-PAC ya Ultimarc, ambacho pia huongeza nguvu ya ishara: kompyuta hutoa volti 0.7 za rangi, skrini nyingi za kabati hutaka zaidi na bila hivyo picha huwa imefifia.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Pac-Man na Galaga huchora picha 60.6 kwa sekunde, si 60 kamili. Kwenye skrini bapa iliyofungwa kwenye 60, emuleta huchagua kati ya kupunguza mwendo kwa asilimia 1 au kuruka picha moja baada ya muda, na jicho huona mkwaruzo mdogo katika mwendo wa nyota. Kwenye skrini ya chogo yenye mipangilio sahihi, tatizo hilo halipo.

Pi inadai nidhamu nyingine mbili. Kabati huzimwa kwa swichi ya ukutani, na kadi ya kumbukumbu inayokatiwa umeme ikiandika huharibika. Weka mfumo katika hali ya kusoma tu. Na pini zake za vitufe zinavumilia volti 3.3, kwa hiyo waya wa volti 5 ukigusa hapo Pi imekufa.

Nyaya, popote utakapoelekea

Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya bodi ni ya volti 5. Chipu za TTL, zile za kawaida za mantiki zilizojaa kwenye bodi za zamani, zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Chukua bodi inayokula ampea 3 kupitia waya mmoja wa milimita 0.33 za mraba, mita 1.5 kwenda na 1.5 kurudi: waya pekee unapoteza karibu volti 0.47. Pawa saplai inasoma 5.00, bodi inapata 4.53, mchezo unajiwasha upya kila mlipuko mkubwa unapotokea. Tumia waya wa milimita 0.8 za mraba, na uunge pini zote nne za volti 5 (3, 4, C, D) na zote nane za graundi (1, 2, A, B, 27, 28, e, f).

Pima kwenye bodi, mchezo ukiwa unacheza. Tafuta chipu ya kawaida ya TTL ya mfululizo wa 74 yenye miguu 14: mguu wa 7 ni graundi, wa 14 ni volti 5. Zungusha skrubu ya pawa saplai hadi usome 5.00 hapo. Usipime kwenye pawa saplai ukaridhika.

Konekta ya JAMMA ina nafasi ya 7 na H kwa ajili ya kipande cha plastiki cha kuzuia kuchomeka kinyume. Mafungu mengi ya nyaya ya bei nafuu huja bila hicho kipande. Ukigeuza konekta, graundi hukutana na graundi, lakini volti 12 za pini 6 na F huingia moja kwa moja kwenye njia za kitufe cha pili za wachezaji wote wawili. Kiweke kabla ya kitu kingine chochote.

Picha ikibingirika au kuvunjika kimshazari, tatizo ni sinki, ile ishara inayoiambia skrini kila mstari unaanzia wapi. JAMMA hutuma sinki moja iliyounganishwa kwenye pini P. Bodi nyingi za kale hutuma mbili, ya wima na ya mlalo. Skrini kama Electrohome G07 zinapokea zilizotengana, hivyo soma maandishi ya pini za skrini kabla ya kukata waya. Spika nayo: waya wa pini L si graundi. Ukiuunga kwenye fremu unaweza kuua amplifaya.

Na tahadhari isiyojadiliwa. Nyuma ya skrini ya chogo, chini ya kofia ya mpira, kuna zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki hata baada ya umeme kuzimwa. Funga waya kati ya bisibisi yenye mpini mzuri na fremu ya chuma ya skrini, penyeza ncha chini ya kofia, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Unapobadilisha pawa saplai ya zamani kwa mpya, usitupe transfoma yote. Skrini nyingi huhitaji transfoma ya kutenganisha. Ikiungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, fremu yake inakuwa na umeme, na bodi ikishika graundi hiyo moshi hutoka mara moja.

Uchague ipi?

Bodi nzima ya Pac-Man ndani ya kabati: kadi ya nyongeza, bila mjadala. Kabati lenye nyaya za JAMMA na skrini ya chogo inayofanya kazi, na wewe unaupenda mchezo mmoja kuliko mingine yote: nunua bodi asilia ya mchezo huo. Utailipia zaidi, na kila ukicheza utajua kwa nini. Kabati tupu lililokwisha kugeuzwa mara kadhaa na kupakwa rangi nyeusi ndilo mahali pazuri pa MiSTer au Pi, kwani hakuna cha asili kitakachopotea; ila kwangua kona moja kwa uangalifu kwanza, maana mara nyingi picha za ubavuni za miaka ya 80 ziko chini ya ile rangi. Bodi ya michezo mingi ichukue kama unataka kabati licheze wikendi hii.

Skrini ya chogo ikiwa imekufa kabisa na haitengenezeki, skrini bapa ya inchi 20 yenye umbo la 4:3 huingia vizuri kwenye nafasi ya inchi 19. Kwa bodi asilia utahitaji kigeuza-ishara kama GBS-8200, kinachoongeza ucheleweshaji kidogo. Hapo faida ya bodi asilia inapungua kiasi kwamba kompyuta inakuwa chaguo la busara.

Kabati kamili la asili, lenye picha zake, bodi yake na skrini yake, lisigeuzwe. Na kwa lile unaloligeuza, usitoboe paneli ya vishikio: tengeneza nyingine kwa kuchora ya zamani juu yake, mashimo ya vitufe yakiwa ya milimita 28.6 kwa vitufe vya Kimarekani au 30 kwa vya Kijapani. Usikate fungu la nyaya la zamani. Adapta huchomekwa mwisho wake. Bodi uliyoitoa itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, andika juu yake jina la mchezo na hali yake, uifunge kwa skrubu mbili chini ya rafu ndani ya kabati hilohilo.